Anayeuliza Bei Ajibiwe

Mtu wa Nyanungu, huko Tarime, mwenye gunia la maharage aweza leo kulionyesha kwa picha ya WhatsApp, na mnunuzi wa Musoma au Mwanza akaliona kabla jua halijachwa. Hiyo ni neema. Lakini wengi wetu twaimwaga kwa mikono yetu wenyewe.

Mnunuzi auliza, "Bei gani?" Mwenye mali hukaa kimya mpaka kesho, au hujibu, "Njoo inboksi." Muulizaji ataka maharage, hataki mafumbo, mara humwendea mwingine. Ndipo twamlaumu dalali kwamba ametupunja, hali sisi ndio tuliomwachia mlango wazi.

Basi, ndugu, bei kwa kilo na nauli ya mzigo viandikwe pamoja na picha. Jibu litoke siku ile ile. WhatsApp ya biashara, iliyotolewa mwaka 2018, hutunza majibu ya tayari. Kisha muulizaji naye aulizwe: wataka kiasi gani, na lini? Fedha zikipita kwa M-Pesa, iliyoanza nchini mwetu mwaka 2008, mnunuzi atumiwe upesi picha ya mzigo na ya stakabadhi ya basi. Asiyemwona muuzaji ana haki ya kuogopa utapeli.

Wasio na simu za namna hiyo wasiachwe. Kijana mmoja aweza kuwauzia majirani kumi, mradi daftari liwe wazi kwa wote. Mali bila daftari hupotea bila habari.