Stelingi Wetu Anachunga Ng'ombe Mwaya

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nimekuja na ugomvi. Atakayechukia na achukie, ila asome mpaka mwisho ndipo anitukane.

Ninayo madaftari manne makubwa, yale ya kaunta buku. Nilianza kuyajaza nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa nyumbani Mwaya nasubiri matokeo, na matokeo yenyewe yalipotoka hayakunipeleka mbali. Ni riwaya. Stelingi wangu anaitwa Jack. Ana farasi mweusi, bastola mbili kiunoni, na ng'ombe elfu tatu anaowaswaga kukatiza jangwa la Texas. Mimi farasi sijawahi kupanda. Jangwa sijaliona hata moja, maana kwetu Kyela mvua ikikolea mashamba ya mpunga yanageuka ziwa la pili. Lakini niliandika kurasa mia mbili na kitu bila haya.

Mhariri mmoja wa Dar alizisoma kumi. Akanirudishia na maneno mawili: ongeza mapigano. Nikaongeza! Watu kumi na wanane zaidi walikula shaba katika sura ya saba peke yake.

Huyo Jack nilimtoa wapi? Nilimtoa banda la video Kyela mjini, ambako mtafsiri alikuwa anawapa makauboi lafudhi ya Kariakoo. Baadaye mjomba akarudi toka Mbeya na santuri za mchezo wa zamani wa televisheni, The Life and Legend of Wyatt Earp. Ndani yake yumo bwana mmoja mrefu, kiuno chembamba, kizibao cha maua, haongei sana. Nikasema, huyu ndiye. Nikamnakili kuanzia kofia mpaka mwendo.

Sasa nikafanya kosa moja zuri: nikamtafuta mtu mwenyewe ni nani.

Anaitwa Hugh O'Brian. Hata hilo si jina alilozaliwa nalo. Alizaliwa Hugh Charles Krampe, Rochester, jimbo la New York, mwaka 1925. New York, jamani, si Texas. Alipita katika jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akaingia kwenye uigizaji. Mchezo wake ulianza Septemba 1955, siku nne tu kabla ya Gunsmoke, na ukaendelea mpaka 1961. Enzi hiyo Wamarekani walikuwa wakikaa sebuleni kila wiki kumtazama akinyoosha wahuni. Mwaka 1976, katika The Shootist, filamu ya mwisho ya John Wayne, yeye ndiye adui wa mwisho aliyeuawa na Wayne kwenye sinema. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 91.

Simdharau. Alikuwa fundi wa kazi yake. Mwaka 1958 alisafiri mpaka Gabon, kwenye hospitali ya Dakta Albert Schweitzer kule Lambaréné, akakaa siku tisa. Aliporudi kwao akaanzisha mpango wa kuwafunza vijana wa shule uongozi, na mpango huo umedumu kuliko umaarufu wake wa bastola. Mtu wa namna hiyo simrushii mawe. Ugomvi wangu ni na sisi tuliomnunua pamoja na maboksi yake bila kufungua kuona ndani kuna nini.

Ndani kuna nini? Kuna uongo uliopangwa vizuri. Wyatt Earp wa kweli alifariki mwaka 1929. Miaka miwili baadaye mwandishi Stuart Lake akatoa kitabu kilichomfanya malaika mwenye nyota kifuani. Mchezo wa televisheni ukajengwa juu ya kitabu hicho. Wyatt wa kitabu hana doa. Wyatt wa kweli alishitakiwa kwa wizi wa farasi mwaka 1871. Ile bastola yake ya mtutu wa inchi 12, ambayo Jack wangu naye anayo, watafiti wameitafuta katika kumbukumbu za kiwanda wasiione. Lakini mchezo ulipovuma, mwaka 1957 kiwanda cha Colt kikaanza kuuza bastola za aina hiyo! Hadithi imezaa chuma. Na yale mapigano maarufu ya Tombstone, tarehe 26 Oktoba 1881, yalichukua nusu dakika hivi na yakaua watu watatu. Sura yangu ya saba inachukua usiku kucha.

Ngoja, bado. Katika mji ule wa Tombstone, kauboi lilikuwa jina la watu walioshukiwa kuiba ng'ombe. Na wachunga ng'ombe wa kweli wa Marekani, wale wa kulala mavumbini kwa ujira mdogo, wanahistoria hukadiria kwamba kama robo yao walikuwa weusi. Santuri za mjomba nilizimaliza zote. Hao sikuwaona.

Basi mkubwa huyo akatufikia mpaka huku Afrika Mashariki. Mwaka 1967 ilitoka filamu Africa Texas Style, iliyopigwa Kenya. O'Brian ni kauboi anayeletwa kutoka Marekani kuja kukamata wanyama pori kwa kamba, wafugwe kama ng'ombe. Mwenye shamba ni Mwingereza. Adui ni mfugaji mwingine mzungu. Halafu televisheni ikaichukua hadithi hiyo ikatengeneza mchezo wa Cowboy in Africa, safari hii stelingi akiwa Chuck Connors, na Kenya hiyo ya kwenye kioo sehemu kubwa wakaipigia California. Connors huyohuyo, mwaka 1962, alikuwa ameigiza kama Geronimo, shujaa wa Waapache, na macho yake ya buluu.

Hebu tulia hapo, ndugu msomaji. Nchi ya Wamasai, Waborana, Wasamburu na Waturkana, watu waliochunga ng'ombe kabla Marekani haijaitwa Marekani, inaletewa mtu wa New York aje kuwafundisha kazi ya kamba na mifugo. Tungecheka, kama na sisi tusingekuwa tunaandika hivyohivyo kwenye madaftari yetu.

Maana kwetu Unyakyusani neno mchunga ni tusi la shuleni. Ukifika umechelewa una matope miguuni, darasa zima: "Mchunga huyoo!" Jioni darasa hilohilo linalipa kiingilio kumtazama mchunga wa Kimarekani. Akichunga Mzungu ni kauboi, akichunga babu yako ni mshamba. Nani ametuloga?

Na tunayo mambo. Soma kitabu cha Monica Wilson, Good Company, cha mwaka 1951, kilichotokana na utafiti yeye na mumewe Godfrey walioufanya kwetu miaka ya 1930. Utakuta vijana wa Kinyakyusa wa miaka kumi hivi wakitoka nyumbani kwa baba zao na kujijengea kijiji chao wenyewe, wa rika moja. Wanalala huko, wanachunga pamoja, wanarudi kula kwa mama zao kwa makundi, na wakikua wanaoa na kuishi hapohapo. Kijiji kizima cha watoto! Hollywood wangekuwa nacho hicho, wangekuwa wameshatoa mfululizo wa miaka ishirini. Sisi tunacho, tunaandika Jack.

Unataka mapigano? Agosti 1914 ziwa letu lilikuwa na manahodha wawili, Rhoades Mwingereza wa meli ya Gwendolen na Berndt Mjerumani wa Hermann von Wissmann. Walikuwa marafiki, wakikutana wanakunywa pamoja. Vita ikatangazwa Ulaya. Mwingereza akapata habari kwanza. Tarehe 13 akafika Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, akaikuta meli ya rafiki yake imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, akaipiga mizinga. Berndt, ambaye hajui lolote, akaruka ndani ya mashua kwenda kumgombeza mwenzake: umelewa? Akaishia mateka. Marafiki wawili, ziwa moja, na barua moja iliyochelewa. Na wale weusi waliokuwa wakikata kuni za meli zile, walisema nini jioni ile? Hapo ndipo riwaya ilipo, na hakuna aliyeiandika kati yetu.

Najua mtaniambia, "Mshkaji, kuazima si dhambi. Mbona Elvis Musiba alimwazima jasusi wa Kizungu akamwita Willy Gamba?" Kweli kabisa. Lakini Musiba, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alimtia jasusi wake ndani ya vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Aliazima chungu akapika chakula cha nyumbani. Sisi tunaazima chungu, chakula, na mate ya aliyekula kwanza. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa niseme linaloniuma.

Babu yangu alikuwa na ng'ombe sita. Jioni moja akanikuta barazani naandika, akaniomba nimsomee. Nikamsomea Jack na ng'ombe zake elfu tatu. Akasikiliza kimya, kisha akauliza, "Wanaitwaje?"

"Nani, babu?"

"Hao ng'ombe."

Nikacheka. Nikamwambia ni wengi mno, hawana majina. Naye akatikisa kichwa akasema, "Basi huyo si wake. Kaiba."

Akaanza kunitajia wa kwake mmoja mmoja: huyu mama yake alikuja kwa mahari ya shangazi yako, huyu tulilipwa baada ya ugomvi wa mpaka, huyu alizaliwa usiku wa mafuriko tukamtoa mgongoni. Ng'ombe sita, na ndani yao ndoa, kesi, vifo na deni moja ambalo mpaka leo linawafanya watu wawili wasisalimiane. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Sikuandika hata neno, nilikuwa na haraka ya kumrudisha Jack kwenye risasi.

Babu alifariki mwaka juzi. Ng'ombe waliuzwa kulipia matibabu na msiba. Katika majina sita ninayakumbuka matatu tu. Nimeuliza wazee, nimemuuliza shangazi, hakuna anayeyajua yale mengine. Hasara hiyo hakuniletea O'Brian wala mhariri wa Dar. Niliifanya mwenyewe, kwa kalamu yangu.

Kwa hiyo nawashitaki wenzangu, na mimi mshitakiwa namba moja. Tazameni filamu, hata mimi bado natazama. Lakini kabla hujampa stelingi wako bastola, mwulize alichotuuliza babu: ng'ombe wako wanaitwaje? Akishindwa kujibu, si wako. Umeiba.

Madaftari yangu sikuyachoma. Nimeyageuza nyuma mbele, ninaandika kwenye kurasa zilizobaki. Mstari wa kwanza una majina matatu, na nafasi tatu zilizo wazi.

Naomba kutoa hoja.