MCHORAJI HAIZOEI NCHI YAKE

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kisii, akiisha kupita Sondu, hufika Oyugis katika nchi ya Kasipul. Hapo huona kilima cha Wire, mashamba ya mahindi na viazi vitamu, na miji ya watu pande zote. Lakini mwenyeji huipita nchi hiyo kila siku, akienda sokoni au ofisini, wala haitazami. Si kosa lake, macho huzoea. Kazi ya mchoraji ni kuyaamsha macho yaliyozoea.

Watoto wengi huipenda kazi hiyo tangu wangali wadogo. Hushika kipande cha makaa, wakachora ng'ombe na vilima ukutani. Mzazi aonapo hivyo hukasirika, akauliza: "Je, utakula picha?" Swali hilo si la upumbavu. Karo hutoka katika jasho, na shamba halilimwi kwa burashi. Basi yafaa lijibiwe kwa habari za mtu aliyeishi, wala si kwa maneno matupu.

Mtu huyo ni Bwana Sam Ntiro, Mchaga, aliyezaliwa Machame, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma katika Chuo cha Makerere, Kampala, akafundishwa na Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa chuoni hapo katika miaka ya 1930. Bibi huyo hakupenda wanafunzi wanakili picha za Ulaya. Aliwaeleza jambo kwa maneno, kama asimuliaye hadithi, nao wakaliona moyoni mwao kwanza, kisha wakalichora. Njia hiyo ilimfaa sana Ntiro, kwa kuwa nchi ya kwao alikuwa ameichukua kichwani.

Mwaka 1952 alikwenda London katika shule ya sanaa ya Slade, akakaa huko mpaka 1955. Mtu angedhani kwamba atarudi akichora madaraja na majumba ya Uingereza. Sivyo. Aliendelea kuchora migomba, njia za mlimani, na watu wadogo wadogo wakichuma kahawa, wakikata miti na kubeba mizigo. Katika picha zake hapana mtu mmoja ajitukuzaye. Kilicho kikubwa ni nchi, na kazi ifanywayo na wengi pamoja. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. Picha hiyo ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, Marekani. Ndiyo maana wahenga walisema: Mcheza kwao hutunzwa.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro alipelekwa London kuwa balozi wa nchi yake, akashika kazi hiyo mpaka 1964. Baadaye alifundisha sanaa na kusimamia mambo ya utamaduni serikalini. Jambo hili linawahusu hasa makarani. Mwenye cheo hakosi udhuru wa kuacha akipendacho: leo mkutano, kesho barua, kesho kutwa wageni. Ntiro hakuacha kuchora. Alifariki mwaka 1993, na kazi iliyomjulisha kwa watu ni ile ile aliyoianza alipokuwa kijana. Cheo kilikuja kikaenda, burashi ilibaki.

Basi mzazi wa Oyugis ajibiweje? Ajibiwe kwa haki. Ntiro hakula picha peke yake. Alikula pia kwa ualimu na kwa kazi ya serikali. Kwa hiyo mtoto apendaye kuchora asiruhusiwe kuacha hesabu wala jembe. Lakini vile vile asipigwe kwa kuchora, kwani mapenzi hayo si uvivu. Akina mama wa Kijaluo wamepamba kuta za nyumba kwa udongo wa rangi mbalimbali na kutia nakshi vyungu tangu zamani, na hapana aliyewaita wavivu. Wachongaji wa Tabaka, upande wa Kisii, wamesomesha watoto kwa mawe laini ya kwao.

Tena gharama yake si kubwa. Penseli moja na upande mweupe wa karatasi iliyokwisha kutumika vyatosha kuanzia. Mtoto asinakili picha ya kalenda yenye theluji asiyopata kuiona. Na achore kilima cha Wire jinsi kilivyo asubuhi, na jinsi kilivyo mvua inapokuja. Nyumba za nyasi zimekwisha kuwa za mabati, na mti uliokuwapo jana leo umekuwa kuni. Mwenye kuichora nchi hii sasa atawaachia wajukuu ushahidi ambao mzee, hata akisimulia vizuri namna gani, hataweza kuwaonyesha kwa macho.