Makato ya SHA yamfikie mpishi wa Marani pia

Mwandishi, katika makala yako kuhusu makato ya SHA umezungumzia kampuni za Nairobi, sisi wa soko la Marani umetupita.

Tangu SHA, bima ya afya ya umma, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na haishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mpishi wa hoteli anayelipwa 12,000 hukatwa 330. Enzi za NHIF alikatwa 500! Kwa hivyo wanaosema mfumo huu umemwonea kila mwenye mshahara mdogo, hapo sikubaliani nao.

Kinachoniuma ni waajiri wenzangu. Sheria inataka pesa ziwe zimefika ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Lakini huku wengi hulipa kibarua jioni kwa M-Pesa, bila barua ya kazi wala karatasi ya mshahara, na kumwambia ajisajili mwenyewe. Akijisajili hivyo, anaulizwa paa lake ni la nini, anapikia nini, maji anateka wapi, halafu anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Mtu anayelipwa kwa siku atoe wapi? Mtoto akilazwa, ndipo tunaanza kuchanga kwenye WhatsApp.

Mimi nina hoteli ndogo na wasaidizi wachache. Nawakata, natuma, nawaonyesha risiti. Kama mimi naweza, mwenye hadwea na mwenye kinu cha kusaga mnaweza pia. Nanyi vijana, msiogope kuuliza: za mwezi huu zimeenda?