Ufagio wa Garissa na ufagio wa Dadaab

Nimeadimika kidogo kwa sababu ya kazi, na leo nataka kuzungumzia kazi hiyohiyo.

Mwaka 2023 niliandika programu ya mishahara kwa mwajiri mmoja mwenye matawi Garissa, Dadaab na Wajir. Sehemu niliyodhani ni rahisi kuliko zote ni jedwali la kima cha chini cha mshahara. Amri ya serikali ya 2022 iligawa Kenya mafungu matatu: majiji, zilizokuwa manispaa pamoja na miji ya Mavoko, Ruiru na Limuru, kisha sehemu nyingine zote. Kibarua wa kawaida, na humo wamo mfagizi, tarishi na mlinzi wa mchana, aliwekewa shilingi 15,201.65 kwa mwezi katika fungu la kwanza, 14,025.40 katika la pili na 8,109.90 katika la tatu, bila posho ya nyumba.

Garissa ilikuwa manispaa, kwa hiyo imo fungu la pili. Dadaab, kama kilomita 100 kutoka hapo, imo la tatu. Nikaipa kila tawi namba ya fungu lake. Safi kabisa, nikajisifu!

Basi, mfagizi mmoja akahamishwa kutoka Garissa kwenda Dadaab. Afisa alibadilisha jina la tawi tu, na mwisho wa mwezi programu yangu ikampunguzia mama huyo shilingi 5,915.50 bila kumwuliza mtu. Akanijia na karatasi yake ya mshahara mkononi: "Kijana wangu, ufagio wa Dadaab ni mwepesi kuliko wa Garissa?"

Kosa nililirekebisha siku hiyohiyo. Swali lake bado ninalo.

Amri inamwambia mwajiri asishuke chini ya kiasi fulani, haimkatazi kupanda. Tena kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mabaraza ya manispaa yenyewe yalikwisha mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza, lakini mipaka yao bado inaamua nani ale nini. Na bidhaa za Nairobi huvuka daraja la Tana, zikapita Garissa, ndipo zifike Dadaab. Nauli hiyo ya ziada analipa nani?

Nchi nyingine nazo hupanga kwa mahali. Ontario, Kanada, sheria yao ya 1987 huwaweka wafanyakazi wa mwajiri mmoja walio ndani ya kaunti moja katika kundi moja, kisha kazi zao hulinganishwa. Kwa kipimo hicho Garissa na Dadaab, zote za Kaunti ya Garissa, zingekuwa kundi moja.

Kungoja nyongeza hakusaidii. Ile ya asilimia 6 ya Novemba 2024 ilipandisha mafungu yote, na pengo kati ya la pili na la tatu likapita shilingi 6,200.

Siku hizi programu yangu hupanga watu kwa kazi kwanza, mahali baadaye, na kila mwezi hutoa orodha ya wanaofanya kazi moja kwa malipo tofauti. Mwajiri anayetaka kuendelea na tofauti hiyo lazima aandike sababu. Wewe ungeandika nini?

Haya, tuonane tena.