Tumwulize Pia Kama Analala

Jirani yangu hapa Kimara alimaliza tiba ya mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi mwaka jana. Kwa wiki kadhaa alidamka alfajiri kuwahi mwendokasi, na jioni sisi majirani tulikwenda kumpa pole. Damu ilipokoma tulimshukuru Mungu, tukaacha kwenda. Miezi mitatu baadaye, tukichambua mchele, aliniambia kwa sauti ya chini: “Dada, mimi silali. Mume wangu amehamia chumba kingine, wala simlaumu.” Niliona haya. Nilikuwa nikimwuliza habari za damu. Sikuwahi kumwuliza habari za moyo.

Saratani hii ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Kwa mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Takwimu hizo hazisemi waliopona wanaishije. Mionzi huokoa maisha, lakini huweza kufunga uzazi, kukatisha hedhi kabla ya wakati na kulifanya tendo la ndoa kuwa maumivu. Na kwa kuwa chanzo chake ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, mgonjwa hubebeshwa tuhuma za uasherati, ilhali hata aliyekuwa na mume mmoja maisha yake yote huweza kuugua. Sonona inayofuata si upungufu wa imani. Ni sehemu ya ugonjwa.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye uhaba wa mashine za mionzi ianze kwanza na mwili. Hoja hiyo tulikwisha kuijibu wenyewe. Tulipoanza kutoa dawa za VVU kitaifa mwaka 2004, hatukutoa vidonge vitupu. Tuliviambatanisha na ushauri nasaha, tukawafunza wauguzi bila kusubiri mabingwa wa afya ya akili.

Ninachodai ni kidogo. Kila hudhurio la kliniki ya saratani liwe na maswali mawili: Unalala? Lipo jambo unalolifurahia bado? Awepo muuguzi aliyefunzwa kulipokea jibu. Mume naye aitwe, aelezwe kwamba saratani haiambukizwi kwa kulala kitanda kimoja. Nanyi mnaoandaa bajeti, iandikeni kazi hiyo katika fungu la tiba, si la hisani.

Mimi nimeanza kwa jirani. Kila Jumapili nakwenda, na swali langu la kwanza si la damu tena.