Baraza na Bunduki

Mwaka 1981 Ernest Wamba dia Wamba, mwalimu wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitiwa ndani Kinshasa. Kosa lake lilikuwa maandishi yaliyomkosoa Mobutu, mtawala wa Zaire, Kongo ya leo. Baadaye aliachiwa, akarudi kufundisha chuoni Mlimani. Kama habari yake ingeishia hapo, tungemwandikia tanzia ya kishujaa na toleo hili lisingehitajika.

Haikuishia hapo. Msomi huyu alifundisha kwamba siasa si mali ya dola wala ya vyama, kwa kuwa watu wa kawaida nao hufikiri. Mfano wake ulikuwa mbongi ya Wakongo, kikao ambamo jambo husemwa mpaka liive. Waswahili tungesema baraza. Kisha, Agosti 1998, akawa kiongozi wa RCD, uasi dhidi ya Rais Laurent Kabila wa Kongo uliobebwa na Rwanda na Uganda. Mwaka uliofuata wenzake wa Goma walimng'oa, akahamia Kisangani kwa kivuli cha Uganda. Mkataba wa Lusaka wa kusimamisha vita hivyo ulipofika mezani, ugomvi wa nani aisainie RCD ulikula wiki kadhaa, hadi waasisi 50 wakatia sahihi kwa pamoja. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, na mamia ya raia wakafa.

Wako wanaosema angebaki na chaki yake. Hatukubaliani nao: karatasi tu ilitosha kumfikisha kizuizini, kwa hiyo darasa halikuwa kichaka cha kujifichia. Wala hatukubali kwamba siasa ilimchafua, kana kwamba aliburutwa. Alikwenda kwa miguu yake, na kipimo cha kumpimia alikuwa amekwisha kukichonga mwenyewe. Baraza haliwezi kukaa pale ambapo mwenye bunduki ndiye afunguaye kikao na kukifunga, tena bunduki yenyewe ya jirani. Hilo, mwalimu wa mbongi alipaswa kuliona kabla yetu.

Wamba alifariki Kinshasa Julai 2020. Vitabu vya mawazo vinamkumbuka kwa upande mmoja, vya vita kwa upande mwingine. Sisi tumewaomba waandishi wetu wamsome mzima, na kila mmoja tukampa swali moja la kuanzia: katika kikao hicho cha bunduki, nani aliweza kusema hapana akarudi nyumbani salama?