OILI NZITO SIYO DAWA

Ndugu wanachama,

Gari letu la ushirika linatoa moshi wa buluu. Wapo wenzetu wanaosema, "Tieni oili nzito, namba 50, moshi utakwisha." Mimi sikubaliani nao.

Gari lile ni la dizeli, lina tabo. Likivuta mzigo, shafti ya tabo huweza kuzunguka mara 100,000 kwa dakika au zaidi. Kinachoikinga ni utando mwembamba wa oili tu. Asubuhi ya baridi oili nzito inachelewa kuifikia, shafti inasagika kavu. Nayo oili nyepesi mno, injini ikipata moto mlimani, utando unakatika.

Kitabu cha gari kinasema 15W-40. Namba ya kwanza ni ya baridi, ya pili ni ya moto. Tufuate hiyo, na oili ibadilishwe kwa wakati. Dereva naye akifika asizime papo hapo. Aiache injini ingurume taratibu dakika moja mbili, tabo ipoe.

Moshi ni ugonjwa, fundi aukague. Tukiuficha, tabo itakufa na injini itaifuata. Hapo mahindi yatalala ghalani, na wagonjwa tutawabeba kwa machela. Jamani, tufikiri!

Mwanachama mwenzenu